Injini ya mchezo ni nini? Mfano wa id Software na Doom

Injini ya mchezo ni ile sehemu ya programu isiyojua mchezo unahusu nini. Inachora kuta, inapiga sauti, inasoma kibodi, inakokotoa nani kagongana na nani. Sura ya jumba, rangi ya ukuta na mlio wa adui vimo kwenye data. Badilisha data, iache injini, na tayari una mchezo mwingine.

Neno hili lilishika kasi katikati ya miaka ya 1990, na walioliinua ni id Software, studio ndogo ya Marekani. Ilianzishwa Februari 1991 na watu wanne waliokuwa wakifanya kazi Softdisk, mjini Shreveport, Louisiana: John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack. Hao Carmack wawili hawana undugu. Mwaka 1992 studio ilihamia Mesquite, Texas, na Mei mwaka huohuo ikatoa mchezo wa kufyatua risasi, Wolfenstein 3D. Wachezaji walianza kujitengenezea ramani zao, ila ilibidi waandike juu ya faili za asili. Ukikosea, mchezo umeharibika.

Doom, mchezo wa id uliofuata, uliotoka tarehe 10 Desemba 1993, ilitibu tatizo hilo kwa makusudi. Injini imo kwenye DOOM.EXE, data imo kwenye faili la WAD. Baiti 12 za mwanzo za WAD zimegawanyika hivi: 4 ni neno IWAD (faili kuu) au PWAD (faili la nyongeza), 4 ni idadi ya vipande (picha, sauti, sehemu za ramani), 4 zinaonyesha orodha ya vipande iko wapi. Kila kipande kina baiti 16 kwenye orodha: 4 za mahali kinapoanzia, 4 za ukubwa, 8 za jina. Ndiyo maana majina hayazidi herufi nane.

Kuingiza ramani yako unaandika doom -file yangu.wad. Majina yakigongana, faili lililosomwa mwisho ndilo linaloshinda, na faili kuu haliguswi. Lakini picha za maadui hazikubali kirahisi hivyo: injini ya asili inazitaka zote zipangwe mfululizo kati ya alama S_START na S_END, kwa hiyo lazima kwanza uziunganishe na zile za faili kuu. Hapa wengi hukwama.

Makosa mengine yanatokana na jinsi injini inavyochora. Kabla ya kucheza, ramani hukatwa vipande na kupangwa kama mti, ili kompyuta dhaifu ya wakati ule ijue upesi kipi kiko mbele ya kipi. Ukisogeza ukuta bila kuujenga upya mti huo, vyumba huonekana vimevurugika. Ukuta ulioachwa bila picha huacha mabaki ya picha iliyotangulia, kwa sababu injini haifuti skrini kwanza. Na sehemu za sakafu na dari zinazochorwa kwa pamoja zikizidi 128, programu inajifunga palepale.

Kibiashara, sehemu ya kwanza yenye ramani 9 ilitolewa bure. Mbili zilizobaki zilinunuliwa. Toleo la bure lilikataa amri ya -file na kukutaka ulipie. Kwa hiyo ramani za mashabiki nazo zikawa sababu ya watu kununua. Ujanja mzuri, tena usio na hila.

Kisha injini yenyewe ikawa bidhaa. Studio ya Raven Software waliitumia kutengeneza mchezo wa Heretic mwaka 1994, na studio ya Valve wakajenga Half-Life ya 1998 juu ya injini ya Quake, mchezo mwingine wa id. Desemba 1997 id walitoa msimbo wa Doom (maandishi ya programu yenyewe) hadharani, ila wa toleo la Linux, kwa kuwa programu saidizi ya sauti ya toleo la DOS ilikuwa mali ya mtu mwingine. Studio yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya ZeniMax mwaka 2009.