Daniel Boone hakuivaa ile kofia

Ukimtajia Mmarekani jina la Daniel Boone, mwindaji na mfungua njia wa karne ya 18, kitu cha kwanza kumjia ni kofia ya ngozi ya rakuni, mnyama mdogo wa Marekani, mkia ukining'inia kisogoni. Tuimalize hiyo mapema. Boone alivaa kofia ya kawaida yenye ukingo mpana, kama walivyovaa Wakweka, dhehebu la Kikristo, wa Pennsylvania alikozaliwa mwaka 1734. Ile ya rakuni alivishwa na waigizaji, na mfululizo wa televisheni wa miaka ya 1960 ukaigongomea kabisa. Wapo pia wanaomchanganya na Davy Crockett, mwindaji mwingine maarufu, aliyekufa vitani katika ngome ya Alamo, Texas, mwaka 1836. Wakati huo Boone alikuwa kaburini kwa miaka 16.

Eti ndiye mtu wa kwanza kufika Kentucky. Wenyeji wa Marekani, Washawnee na Wacherokee, walikuwa wakiwinda huko tangu zamani. Hata kwa upande wa Wazungu, aliyempeleka mwaka 1769 ni John Finley, mchuuzi aliyekwisha kufika kabla yake. Kazi ya Boone ilikuwa njia: mwaka 1775, akiwa na wanaume wapatao 30 wenye mashoka, alifyeka msitu kupitia mwanya wa milima wa Cumberland Gap. Aliyemtuma ni Richard Henderson, aliyedai amenunua nchi yote hiyo kwa Wacherokee. Virginia, iliyokuwa ikiidai Kentucky kuwa sehemu yake, ikaufuta ununuzi huo. Kumbuka hilo, maana karatasi zisizotambuliwa zitamwandama Boone maisha yake yote.

Kwamba hakujua kusoma si kweli, ingawa tahajia yake ilikuwa balaa. Alibeba vitabu porini. Kimoja kilikuwa riwaya ya safari za Gulliver, alizosomewa wawindaji kambini usiku mpaka wakakiita kijito cha jirani Lulbegrud, jina walilolitoa kitabuni. Kuna miti iliyochongwa kwamba "D. Boon" aliua dubu hapo. Tilia shaka: mwenyewe aliandika jina lake na e mwishoni.

Na chuki dhidi ya wenyeji? Mwaka 1778 Washawnee walimteka, na chifu wao Blackfish akamfanya mwanawe na kumpa jina Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Alipotoroka, wenzake ndio waliomburuta mbele ya mahakama ya kijeshi kwa tuhuma za usaliti. Akaachiwa, tena akapandishwa cheo. Lakini asigeuzwe malaika. Alikuwa mstari wa mbele kuingiza walowezi katika ardhi ya wengine, wanawe wawili waliuawa katika mapigano na wenyeji, na yeye mwenyewe alimiliki watumwa.

Dhana inayopendwa kuliko zote ni kwamba aliihama Kentucky kwa sababu watu walijaa na yeye alitaka kupumua. Ni hadithi tamu. Kilichomhamisha ni madeni na kesi za ardhi. Kwa sheria ya Virginia, mtu alitakiwa kununua kibali, kupimiwa, kusajili, kisha kungoja hati, na kipande kimoja kiliweza kudaiwa na watu kadhaa. Boone alikuwa mpimaji, mipaka yake ikapandana na ya wengine, na walioumia wakamfuata mahakamani. Mwaka 1780 alibeba dola zipatazo 20,000, nyingi zikiwa za walowezi wenzake, kwenda kuwanunulia vibali. Akaibiwa akiwa amelala katika nyumba ya wageni. Mwaka 1798 hati ya kumkamata ilitolewa kwa kutoitika wito wa kutoa ushahidi, na mwaka huohuo Kentucky ikaipa kaunti nzima jina lake.

Mwaka 1799 akahamia Missouri, wakati huo chini ya Hispania. Mwaka uliofuata, mtu huyu aliyekuwa akikwepa mahakama akateuliwa hakimu wa wilaya ya Femme Osage. Usifikirie joho. Wasimulizi wa huko wanasema alisikiliza mashauri chini ya mti mkubwa, na kwamba mwizi mdogo akishachapwa viboko vyake hakudaiwa tena. Hakusomea sheria, wala hapakuwa na jopo la kumsaidia: alisikiliza yeye, akaamua yeye.

Alipewa na ardhi, kwa sharti la kuilima na kuishi juu yake. Wakubwa wake wakamwambia kwamba kwa kuwa ni hakimu, sharti hilo halimhusu. Hati hazikupata sahihi kutoka New Orleans, makao ya gavana wa Kihispania, naye hakuhangaika. Marekani ilipoinunua nchi hiyo mwaka 1803, makamishna wakakagua karatasi na kumkatalia. Bunge lilimrudishia ekari 850 hapo mwaka 1814, akiwa anakaribia miaka 80. Wadai wa Kentucky waliposikia, wakafunga safari mpaka Missouri, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo akaiuza kuwalipa.