Kile kimrija sio neva mpya jamani

Watu wengi wakisikia mtu kakatika neva ya mkono halafu daktari kamwekea kimrija, wanadhani kawekewa neva bandia, yaani kama fundi umeme anavyounga waya, akishaunga tu taa inawaka. Hapana, haiendi hivyo. Kile kimrija, mara nyingi cha kolajeni (aina ya protini ya mwilini), hakipitishi ujumbe wowote, ndani kiko wazi, kazi yake ni kushika zile ncha mbili zilizokatika zitazamane ili nyuzi za neva ziote zenyewe kutoka upande wa juu, zikiongozwa na seli za Schwann, yaani seli zinazozifunika na kuzitunza nyuzi za neva, zinazotambaa humo ndani, na baadaye kimrija chenyewe kinayeyuka. Na zinaota polepole mno, kama milimita 1 kwa siku, sasa piga hesabu, kiwiko mpaka vidoleni ni zaidi ya sentimita 30, hiyo ni zaidi ya miezi 10! Ndo maana inaniuma sana mtu akiacha mazoezi ya mkono miezi miwili tu baada ya operesheni, eti imefeli. Pengo kati ya zile ncha likizidi sentimita 3 hivi kimrija kitupu huwa hakitoshi, hapo madaktari wengi wanachukua neva ya mguuni, ile inayopita nyuma ya kifundo, wanaipandikiza mkononi, na ukingo wa nje wa mguu unabaki na ganzi.