Mfumo wa fahamu, na kazi zake zisizohitaji fahamu

Mwaloni pale Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimesimama nikisubiri mama mmoja aniparulie magamba ya sato wawili. Mwiba wa pezi la mgongoni ukamchoma kidole gumba. Sato akadondoka, mkono wa mama ukawa umeshafika karibu na bega, na ndipo nikasikia "Yalaa!" Nikampa pole. Akacheka: "Mkono huu una akili zake, mwanangu. Umeondoka kabla sijajua kama nimechomwa."

Alieleza vizuri kuliko daftari langu la baiolojia.

Mfumo wa fahamu, au mfumo wa neva, ni mtandao wa seli unaopokea habari za nje na ndani ya mwili, kuzichambua, kisha kuiambia misuli na tezi nini cha kufanya. Majina yote mawili yanatumika. Mimi napendelea la pili, maana la kwanza linadanganya kidogo. Fahamu ni kujitambua, ndiyo maana tunasema fulani kapoteza fahamu. Lakini aliyezimia bado anapumua, na pumzi hiyo inaongozwa na mfumo huohuo.

Neno jingine la kuangalia ni mshipa. Mtaani mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na wengine wakisema "ana mshipa" wanamaanisha ngiri. Mshipa wa damu ni bomba, una uwazi ndani. Neva haina uwazi; ni kama kamba ya nanga, iliyofungwa pamoja kwa nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi ni mkia mrefu wa seli moja.

Mfumo una sehemu mbili. Ya kati ni ubongo na ile kamba laini inayopita ndani ya uti wa mgongo. Kamba hiyo vitabu huiita ugwe mgongo. Ina unene kama wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 45 hivi. Uti wenyewe ni mifupa, pingili zinazoikinga. Sehemu ya pili ni ya pembeni: jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, na jozi 31 zinazotoka kwenye ugwe, zikisambaa hadi ncha za vidole. (Ndiyo maana majeruhi wa bodaboda habebwi mikono na miguu kama gunia. Pingili iliyovunjika ikisogea, inaweza kuukata ugwe, na ugwe ukikatika hauungi.)

Sasa turudi kwenye kidole cha mama. Mwiba ulipopenya ngozi, uliamsha ncha za neva za maumivu. Watu hudhani habari husafiri kama umeme kwenye waya. Si hivyo. Chembe za sodiamu zenye chaji huingia ndani ya uzi wa neva mahali pamoja, jambo hilo likaamsha sehemu ya jirani, nayo ikaamsha inayofuata. Kama mashabiki uwanja wa CCM Kirumba wakifanya wimbi: kila mtu anasimama na kukaa palepale alipo, lakini wimbi linazunguka uwanja mzima.

Nyuzi nyingine zimefunikwa na ala ya mafuta yenye mapengo, na habari huruka kutoka pengo hadi pengo, kama mtoto anayevuka maji kwa kurukia mawe. Hizo zina kasi. Za haraka kabisa hufikia kama mita 120 kwa sekunde. Zisizo na ala hujikokota, mita moja hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukichomwa unaumia mara mbili: kwanza ule mchomo mkali, kisha baada ya kama sekunde moja, yale maumivu mazito yanayopwita.

Habari ilipofika kwenye ugwe shingoni, haikungoja ruhusa ya ubongo. Pale pale ilipokewa na seli za kati, zikaikabidhi kwa neva za misuli, na misuli inayokunja kiwiko ikavuta. Wakati huohuo nakala ilikuwa njiani kwenda juu. Ubongo ulipopata taarifa, mkono ulikuwa umeshaondoka. Kwa hiyo ile picha ya ubongo kama bosi anayesaini kila karatasi, mimi siikubali. Mengi humfikia yakiwa yameshaamuliwa.

Ubongo wenyewe una uzito wa kilo 1.4 hivi, sato mkubwa mmoja, na seli za neva takribani bilioni 86. Ubongo mkubwa hufikiri, hukumbuka na kuanzisha mwendo. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia, ndiyo sababu kiharusi cha kushoto hulemaza mkono wa kulia. Ubongo mdogo, kisogoni, hukufanya usimame ndani ya mtumbwi unaoyumba. Shina la ubongo huongoza pumzi na mapigo ya moyo. Ziwa likichafuka, upande mmoja wa neva zisizo za hiari huharakisha moyo na kukausha mdomo. Ukishafika nchi kavu na kula ugali wako, upande wa pili hutuliza moyo na kuliamsha tumbo.

Kwa kawaida seli moja haijagusana na ya pili. Kati yao kuna mwanya mdogo mno, sinapsi, na habari huvuka kwa kemikali. Kati ya neva na misuli kemikali hiyo ni asetilikolini, na ikishafanya kazi lazima ivunjwe mara moja. Baadhi ya dawa za wadudu, kundi la oganofosfeti, huzuia uvunjaji huo. Mkulima wa pamba wa Magu anayepuliza bila kinga anaweza kujikuta akitoka mate, jasho na machozi, misuli ikitetemeka, kisha kifua kinalegea na kushindwa kuvuta pumzi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa kumwaga dawa za wadudu majini, wengi tuliliona kama jambo la biashara tu. Kumbe sumu nyingi za wadudu hulenga neva, na neva za binadamu hazitofautiani sana na za mdudu.

Mama alimwosha sato wangu, akamshika tena. Mwiba ukamchoma mara ya pili, nikaona uso umekunjamana. Safari hii mkono haukuruka. Ubongo ulikuwa umeshatuma amri ya kuuzuia: chini palikuwa na tope, na samaki alikuwa ameshalipiwa.