Molekuli zilizofumwa: mnyororo, fundo na mfumo katika kemia

Ukishuka ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, utawakuta mafundi wa nyavu wamekaa wakiziba matundu. Gundi hawana. Wavu haufumuki kwa sababu ya njia uliyopita uzi: umezunguka huku, umepenya kule, umejikaza. Wanakemia wamelichukua wazo hilo na kulishusha hadi kwenye molekuli.

Shuleni tunafundisha kwamba atomu hushikana kwa bondi, yaani kwa kushirikiana au kupeana elektroni. Ni kweli, lakini upo mshikamano mwingine. Tazama pete mbili za mnyororo: hazikuchomelewa pamoja, kila moja inacheza kivyake, ila huwezi kuzitenganisha mpaka ukate mojawapo. Huo ndio huitwa bondi ya kimakanika. Molekuli ya pete zilizopitana hivyo ni katenani. Mwanafunzi akiniuliza pete hizo zimeunganishwa na nini, humjibu: na umbo lake tu.

Fundo ni jambo jingine, maana hapo uzi ni mmoja. Wanahisabati wana sharti lao: ncha mbili za uzi lazima ziunganishwe, kwani fundo lenye ncha wazi hufunguka ukiwa na subira. Fundo dogo kabisa la namna hiyo lina mipishano mitatu, nalo huwa la kulia au la kushoto. Kama kandambili, la kulia hulifanyi la kushoto hata uligeuze vipi. Urefu wa uzi na mikunjo yake havihesabiwi. Mkeka uutandike au uuviringishe uubebe kwapani, kila mwaa unabaki juu ya huu na chini ya ule. Hesabu ya mambo yasiyobadilika kwa kukunja wala kuvuta ndiyo topolojia.

Kazi ngumu ni kufuma kitu ambacho hakuna mkono unaoweza kukishika. Mwaka 1960 Edel Wasserman alipata katenani kwa kutegemea bahati, kwamba uzi ujifunge kuwa pete ukiwa umepenya pete nyingine, na alichopata kilikuwa kidogo mno. Mwaka 1983, huko Strasbourg, Ufaransa, kundi la Jean-Pierre Sauvage likatumia ioni ya shaba. Shaba huzishika nyuzi mbili pale zinapopishana, kama kidole gumba cha msusi kinavyobana miaa isichomoke mpaka aimalize ukili. Ncha zikishafungwa, shaba hutolewa na pete zinabaki zimepitana. Mwaka 1989 yeye na Christiane Dietrich-Buchecker wakapata kwa shaba hiyohiyo fundo la mipishano mitatu. Mwaka 2017 kundi la David Leigh, Manchester, likafikia mipishano minane katika kitanzi cha atomu 192.

Mimi huvutiwa zaidi na mfumo, yaani nyuzi nyingi zinazopishana juu na chini bila kikomo, kama nguo. Mwaka 2016 kundi la Omar Yaghi, Marekani, lilitangaza dutu iitwayo COF-505. Nyuzi zake ni za kaboni, na kwenye kila mpishano imekaa shaba. Walipoitoa shaba hiyo, ungetegemea kitu kizima kisambaratike. Hakikusambaratika, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimekwisha kusukana. Kilichobadilika ni unyumbufu, ulioongezeka mara kumi, kwani nyuzi sasa ziliweza kuteleza kidogo zenyewe kwa zenyewe bila bondi hata moja kukatika. Ndiyo maana mkeka hukunjika mahali ambapo ubao wa unene uleule ungevunjika. Kisha wakairudisha shaba, ikakaa palepale kwenye mipishano, na ile dutu ikakakamaa tena kama mwanzo.