Programu za kibiashara katika mitambo ya kijeshi: hatari iko wapi?

Programu ya kibiashara ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la watu wote, yaani ofisi, benki na maduka, kisha jeshi likainunua ikiwa tayari na kuifunga kwenye meli, ndege au rada. Huokoa pesa na miaka ya kuandika programu mpya.

Tarehe 21 Septemba 1997, manowari ya Marekani USS Yorktown ilikuwa karibu na pwani ya Virginia. Ilikuwa na kompyuta 27 za Windows NT 4.0 kwenye mtandao mmoja, ili mabaharia wachache waweze kuiendesha. Baharia mmoja akaingiza sifuri kwenye kisanduku cha hifadhidata. Programu ikagawanya kwa sifuri, kumbukumbu ikafurika, mtandao ukaanguka na injini zikazimika. Meli ikakwama baharini kwa karibu saa mbili na dakika 45.

Wengi huilaumu Windows. Lakini sifuri ile iliingia kwenye programu ya data iliyokuwa juu yake, nayo ndiyo iliyopaswa kuikataa palepale. Kosa kubwa zaidi ni la mpangilio: hitilafu ya hifadhidata haikupaswa kuwa na njia yoyote ya kufika kwenye injini. Ofisini kompyuta ikiganda, karani huizima na kuiwasha tena, kazi ikaendelea. Meli iliyosimama mbele ya adui haina nafasi hiyo.

Halafu kuna umri. Manowari hutumika miaka 30 na zaidi. Windows XP ilitoka 2001, na viraka vyake vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya programu, vikakoma 8 Aprili 2014. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani lililipa takriban dola milioni 9 ili liendelee kuvipata.

Kiraka nacho kikiwepo, sharti kijaribiwe kwanza pamoja na mitambo mingine, na kirusi cha kompyuta hakisubiri. Kirusi cha Conficker kiliingia kwenye mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa Januari 2009, ilhali kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka Oktoba 2008.

Kabla ya kupokea mfumo wa namna hii, fanyeni jaribio moja meli ikiwa kwenye maji salama: zimeni mtandao wote, kisha muone kama fundi aliye chumba cha injini anaweza kuiendesha kwa mkono.