Tagelmusti ni nini?

Tagelmusti ni kitambaa kirefu cha pamba ambacho wanaume wa Kituareg hujizungushia kichwani na usoni mpaka yakabaki macho tu. Kwa urefu huanzia kama mita 3 na nyingine hupita 8. Watuareg ni wafugaji wa Sahara, katika nchi za Niger, Mali, Algeria, Libya na Burkina Faso, na moja ya majina wanayojiita wenyewe ni Kel Tagelmust, watu wa tagelmusti. Kwetu barakoa, kabla ya kuwa ya korona, ilikuwa vazi la wanawake wa pwani. Kule mwanamume ndiye anayefunika uso, uso wa mwanamke u wazi.

Kazi yake utaiona siku upepo ukichafuka. Katika dhoruba ya mchanga, chembe nzito hazipai. Hurukaruka karibu na ardhi na kuchapa miguu. Vumbi laini ndilo linalopanda hadi kuziba jua, na ndilo linaloingia puani na kooni. Mikunjo ya kitambaa, safu juu ya safu, hulinasa. Tena unyevu wa pumzi hubaki humo ndani, kwa hiyo hewa inayovutwa si kavu sana na koo halikauki upesi. Mahali ambapo maji ni yale yaliyomo kiribani, hilo si jambo dogo.

Msafara ukikutwa na dhoruba, kuendelea na safari ni kutafuta kupotea, maana nyayo zimefutika na alama za njia hazionekani. Ngamia hupigishwa magoti wakaupa upepo mgongo, na watu wakajikunyata ubavuni mwao, upande uliokingwa, kitambaa kimevutwa mpaka juu ya macho. Ngamia mwenyewe kaumbwa tayari: kope za safu mbili, na matundu ya pua anayoweza kuyafunga. Wakati wa sala ukiingia na maji yaliyopo ni ya kunywa tu, watu hutayamamu kwa mchanga uleule.

Lakini ingekuwa ni vumbi tu, si na wanawake wangejifunika? Upepo ni mmoja. Ndiyo maana mimi siridhiki na maelezo yanayoishia kwenye hali ya hewa. Mvulana hatembei na tagelmusti. Huvishwa anapokaribia utu uzima, mara nyingi kwenye miaka 18 hivi, kwa sherehe, na tangu hapo anahesabiwa mwanamume. Kuonyesha mdomo mbele ya wakwe au wazee ni kukosa haya, jambo ambalo wao huliita takarakit. Akiwa na rika lake hukilegeza kitambaa kikashuka kidevuni; mkwe akitokea, hukipandisha juu ya pua. Wapo wanaokula kwa kupitisha kijiko chini yake.

Kisha kuna Kel Essuf, watu wa upweke: viumbe wasioonekana wanaosemwa kukaa nyikani, mahali pasipo hema wala moto. Hofu ni kwamba huweza kumwingia mtu kupitia matundu ya mwili, mdomo ukiwemo, na kitambaa huziba njia hiyo. Sisi ambao pepo na upepo ni maneno ya ukoo mmoja, na ambao huambiwa tangu utotoni tuupishe mbali upepo wa chamchela, hatuna haja ya kufafanuliwa sana hapo.

Tagelmusti ya fahari ni ile ya nili, ambayo kwa muda mrefu imetengenezwa na Wahausa wa pande za Kano, Nigeria. Vipande vyembamba hushonwa pamoja, kisha rangi hupondwapondwa ndani yake mpaka kitambaa kinang'aa kama chuma. Rangi hiyo humtoka mvaaji ikabaki usoni, ndiyo asili ya jina "watu wa buluu". Ni ghali, huwekewa sikukuu na harusi. Anayekutwa na dhoruba njiani, kwa kawaida, amejifunga cha bei nafuu cha sokoni, cheupe au cha rangi yoyote.