Maneno mepesi ya Kiingereza ndiyo mazito kuyapeleka kwenye Kislovakia

Mtu akinitumia orodha ya maneno ya Kiingereza akitaka Kislovakia chake, macho yangu hayaendi kwenye yale marefu. "Photosynthesis" ni "fotosyntéza", "hypertension" ni "hypertenzia", na hapo kazi imekwisha. Yanayonichukua mchana kutwa ni "go", "like", "open", "two", "you". Kazi yangu ni kuandaa vidahizo (neno linalofafanuliwa pamoja na maelezo yake) vya kamusi za Kiingereza na Kislovakia, na nakutana kila mara na watu wanaoamini kwamba maneno ya kawaida huwekwa mwanzo wa kitabu kwa sababu ni rahisi. Yanawekwa mwanzo kwa sababu mtu hawezi kuishi siku moja bila kuyatumia, na neno linalotumika hivyo huwa limebeba kazi nyingi. Kila lugha inazigawa kazi hizo kivyake.

Tuchukue "go". Kislovakia kina "ísť" na kina "chodiť", na haviwezi kupokezana nafasi. "Idem do školy" husema aliye njiani sasa hivi, begi mgongoni. "Chodím do školy" husema yeyote ambaye ni mwanafunzi, hata kama leo ni Jumapili na bado amelala. Ukipanda ndege unahitaji "letieť", na kama kuruka ni kawaida yako, "lietať". Jozi za namna hii zipo pia kwenye kubeba: "niesť" ni kwa mzigo ulio mikononi mwako sasa, "nosiť" ni kwa ule unaoubeba siku zote, na "nosiť" hiyohiyo ndiyo ya kuvaa miwani.

Kisha vinakuja viambishi. Sisi hurefusha kitenzi kwa nyuma: enda, endea, endesha, endelea. Waslovakia hukiongezea mbele: "prísť" ni kufika, "odísť" kuondoka, "vojsť" kuingia, "vyjsť" kutoka, "prejsť" kuvuka, "zísť" kushuka. Vyote ni "ísť" iliyovishwa kiambishi. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa vijineno vinavyofuata kitenzi, "go in", "go out", "go down", kwa hiyo kidahizo cha "go" kikiandikwa kwa uaminifu hujaza ukurasa na zaidi. Orodha inayoandika "go = ísť" na kusonga mbele imemwachia msomaji robo ya neno.

Jambo ambalo ningependa kila anayetengeneza orodha alijue ni kwamba vitenzi vingi vya Kislovakia huenda viwili viwili. "Read" ni "čítať" na pia "prečítať". Ukisema "Včera som čítal knihu", ulikuwa unasoma kitabu jana, na hatujui kama ulifika mwisho. Ukisema "Včera som prečítal knihu", umekisoma ukakimaliza. Sisi tungeongeza kitenzi cha pili, "nimemaliza kusoma". Wao wameuweka umalizaji ndani ya kitenzi chenyewe. Matokeo yake ni kwamba kitenzi cha aina ya pili hakina wakati uliopo. "Čítam" ni "ninasoma", lakini "prečítam" ni "nitasoma mpaka mwisho". Kwa hiyo "write" lazima iandikwe "písať / napísať", na "buy" iandikwe "kupovať / kúpiť", kila mahali, hata kama nafasi ni finyu. Ukimpa mwanafunzi kimoja tu, nusu ya sentensi atakazozitunga zitakuwa na kasoro naye hatajua kwa nini.

"Like" ina ugumu wa aina nyingine. Ukiipenda picha, nyumba au suti, unasema "páči sa mi", na picha ndiyo kiima cha sentensi, kama sisi tunavyosema "imenipendeza". Chakula kina kitenzi chake: "chutí mi" husemwa ukiwa mezani na mchuzi umekukolea. Mtu au kitu unachokipenda kwa muda mrefu ni "mám rád" akisema mwanamume, "mám rada" akisema mwanamke. Kupenda kufanya jambo kunatumia neno hilohilo pembeni ya kitenzi: "rád čítam", "rada čítam". Na ukifika kwenye "love", "ľúbim ťa" ni ya wapenzi na ya mama kwa mwanawe, ilhali "milujem ťa" ina uzito zaidi. Kitufe cha "Like" cha Facebook kwa Kislovakia kimeandikwa "Páči sa mi to", maneno manne kwa neno moja, na ni tafsiri nzuri kabisa.

Hiyo "rád" na "rada" inafungua suala ambalo Kiingereza hulificha. "I was tired" haikuambii nani anasema. Kislovakia hakikubali kunyamaza: "bol som unavený" ni mwanamume, "bola som unavená" ni mwanamke. Kiswahili nacho hakitaji jinsia, kwa hiyo msomaji wetu huona ajabu kuulizwa "msemaji ni nani?" kwa sentensi fupi namna hiyo. Mimi huuliza, na asiponijibu naandika zote mbili.

Lakini kuna mahali Mswahili anayejifunza Kislovakia ana faraja ambayo Mwingereza hana. "Hand" na "arm" zote ni "ruka", kama kwetu zote ni mkono. "Leg" na "foot" ni "noha", mguu. "Finger" na "toe" ni "prst", na ukitaka kubainisha unasema "prst na nohe", kidole cha mguu, neno kwa neno kama tusemavyo. Mtafsiri anayetoka kwenye Kiingereza hukosa usingizi hapa, hasa kwenye karatasi za hospitali, ambako lazima atafute "predlaktie" kwa sehemu ya chini ya mkono, "zápästie" kwa kifundo na "dlaň" kwa kiganja. Kwenye familia pia tuko karibu. Kiingereza kina "uncle" mmoja. Kislovakia kwa asili hutenganisha "strýko", ndugu wa baba, na "ujo", ndugu wa mama, kama sisi tunavyomtenga baba mdogo na mjomba. Siku hizi Waslovakia wengi, hasa wa mijini, huchanganya, na watoto humwita "ujo" mwanamume yeyote mtu mzima, na mwanamke "teta". Hilo nalo si geni kwa mtoto aliyelelewa Tanga au Mombasa.

Ukosefu wa "the" na "a" ni jambo jingine tunalolijua bila kufundishwa. "Kniha je na stole" ni kitabu kipo mezani, kile tunachokizungumzia. "Na stole je kniha" ni mezani pana kitabu. Mpangilio wa maneno umefanya kazi ambayo Kiingereza kimewapa "the" na "a". Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wanaozungumza Kiswahili wasipitie Kiingereza kwenye sentensi za aina hii. Watoke moja kwa moja kwenye lugha yao.

Sasa namba, kwa sababu hapa ndipo programu za simu huharibikia. "Two" ni "dva domy" kwa nyumba, "dve ženy" kwa wanawake, "dvaja muži" kwa wanaume. Aliyezoea ngeli hashangai: watu wawili, vitabu viwili, nyumba mbili. Kinachoshangaza ni nomino yenyewe. Mtengenezaji wa programu huandika kwa Kiingereza maumbo mawili tu, "1 message" na "messages" kwa namba nyingine zote. Kislovakia kinadai "1 správa", kisha "2 správy", na hivyohivyo kwa 3 na 4, kisha kuanzia 5 ni "správ". Sifuri pia ni "0 správ", na 22 ni "22 správ". Kitenzi nacho hufuata: "prišla 1 správa", "prišli 2 správy", "prišlo 5 správ". Ukiingia kwenye desimali kuna umbo jingine, kama "1,5 hodiny" kwa saa moja na nusu. Programu iliyoandaliwa kwa maumbo mawili haiwezi kutafsiriwa vizuri hata na bingwa, na lawama hurudi kwa mtafsiri. Kwa wenzangu wanaoandaa matini ya programu ninaomba jambo moja: acheni nafasi ya maumbo manne kabla kazi haijafika mezani kwetu.

"Open" nayo itazame ilipobandikwa. Kwenye mlango wa duka ni "Otvorené", kuko wazi. Kwenye kitufe cha kompyuta ni "Otvoriť", fungua. Ukimwambia mtu usiyemzoea afungue dirisha ni "Otvorte", mtoto ni "Otvor". Na ukishafika mlangoni, "push" na "pull" mara nyingi zimeandikwa "TAM" na "SEM", yaani "kule" na "huku". Kuna pia "Tlačiť" na "Ťahať", ila "tlačiť" ni kusukuma na ni kuchapisha vilevile, kwa hiyo neno hilohilo utalikuta kwenye menyu ya printa.

"You" inagawanyika kwa heshima. "Ty" ni kwa mtoto, ndugu, rafiki. "Vy" ni kwa wengi, na kwa mtu mmoja usiyemzoea au unayemheshimu. Kutoka "vy" kwenda "ty" kuna utaratibu: mkubwa ndiye humkaribisha mdogo, na mwanamke humkaribisha mwanamume. Katika barua "Vy" ya heshima huanza kwa herufi kubwa. Kamusi isiyoonyesha hili inamfundisha mgeni kumsemesha daktari kama mtoto wa jirani. "Please" ni "prosím", na "prosím" hiyohiyo ni ya kupokelea simu, ya kumwambia mtu arudie alichosema, na ya kujibu "ďakujem", asante. Ukimpa mtu kitu, au ukimpisha mlangoni, useme "nech sa páči", ambayo kwa matumizi inaikaribia sana "karibu" yetu.

Maneno yanayofanana sura yanahitaji tahadhari ya peke yake. "Host" kwa Kiingereza ni mwenyeji, lakini "hosť" kwa Kislovakia ni mgeni. Mwenyeji ni "hostiteľ". "Gymnázium" ni shule ya sekondari inayoandaa wanafunzi kwa chuo kikuu, na mahali pa mazoezi ni "posilňovňa". "Aktuálny" ni cha sasa, si cha kweli. "Šéf" ni bosi, si mpishi. Kwenye lebo za vyakula "preservatives" ni "konzervačné látky", kwani "prezervatív" ni kondomu. Hata neno dogo kama "most", ambalo kwa Kiingereza ni "zaidi ya yote", kwa Kislovakia ni daraja, kama Most SNP, daraja la mto Danube mjini Bratislava lililofunguliwa mwaka 1972.

Saa ni mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu humkosesha mtu miadi. 7:30 kwa Kislovakia ni "pol ôsmej", nusu ya saa ya nane (yaani 8:00, si saa nane ya Kiswahili), kwa kuwa wanahesabu kuelekea saa inayokuja. Waingereza wakikata maneno husema "half seven" wakimaanisha 7:30. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata "pol siedmej", na hiyo ni 6:30. Mwenzako atakuwa amekusubiri saa nzima.

Unapopakua orodha ya maneno mtandaoni, hakikisha kwanza ni Kislovakia kweli. Kislovenia ni lugha nyingine, na majina yao wenyewe yanachanganya: "slovenčina" ni Kislovakia, "slovenščina" ni Kislovenia. Kicheki kiko karibu zaidi, na watu huchanganya hizo mbili ovyo. Mimi hutazama miezi: Kislovakia kina "január, február, marec", Kicheki kina "leden, únor, březen". Tazama asante: "ďakujem" ni Kislovakia, "děkuji" ni Kicheki, "hvala" ni Kislovenia. Kisha herufi. Ukiona ř, ě au ů, hicho ni Kicheki. Ľ, ĺ, ŕ na ô ni za Kislovakia. Orodha ikipita hapo, angalia kama vitenzi vimeandikwa jozi. Kwa neno ninaloshuku, nafungua kamusi za mtandaoni za Taasisi ya Isimu ya Ľudovít Štúr mjini Bratislava, iliyopewa jina la mtu aliyeiwekea lugha hii msingi wa maandishi mwaka 1843 kwa lahaja za katikati ya nchi, kisha naenda kwenye korpasi ya taifa, yaani mkusanyo mkubwa wa matini ya lugha hiyo, kusoma sentensi halisi. "Go" niliyoieleza hapo juu bado naisoma humo, kiambishi baada ya kiambishi.